Fimbo ya Mkwe

Jumapili, 4 Mei 2025

Nimetumiwa fimbo.

Naandika tena ili nione kama nitaamini. Mimi, Scholastika, miaka sitini na moja, niliyestaafu ualimu mwaka jana tu, nimetumiwa fimbo na mkwe wangu! Si blanketi. Si kitenge. Si hata kilo moja ya sukari. Fimbo.

Imekuja na basi la mchana kutoka Singida. Kondakta kaniita kwa sauti pale stendi ya Nduguti, mwalimu, mzigo wako huu. Kitu kirefu, chembamba, kimefungwa gazeti na selotepu. Nikadhani mwavuli. Kwa kiherehere changu nikafungua palepale, na wifi Rahabu, dada wa marehemu mume wangu, yuko pembeni anasubiri kuona. Ndani — fimbo nyeusi, ya bati jepesi kama la sufuria, vipande vitatu vinavyoingiana kama antena ya redio. Juu ina mshikio wa sponji na kitanzi cha mkanda. Chini ina kimpira. Wifi kaiangalia, kaziba mdomo na kanga, akasema basi sasa mimi ni bibi kamili. Akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

Ndani ya gazeti hakuna barua. Hakuna neno lolote. Nimelitikisa mara mbili.

Huyu mkwe ni Calist. Jina lake naliandika humu tu, mdomoni silitamki. Mtu wa Itigi, kazi yake kubeba mizigo ya watalii kule mlimani Kilimanjaro. Sasa hivi mvua za huko zimesimamisha kazi, yuko Singida mjini na Eliana wangu na watoto. Na mila anaijua! Mkaja alitoa, blanketi alileta, kwa heshima zote. Miaka saba hajanishika mkono wala kula mbele yangu. Tukikutana njiani anatoka kwenye njia, anageuka, anaangalia vichaka mpaka nipite. Akitaka kunipa kitu anakiweka chini, anarudi nyuma, ndipo nakiokota. Sasa mtu anayejua yote hayo anamtumiaje mama mkwe fimbo? Maana yake ni moja tu. Umezeeka, mama. Kaa ungoje kifo.

Mume wangu Bonaventura aliletewa mkongojo mwezi wa kwanza. Kaka yake aliuchonga mwenyewe, mzuri, wa mninga. Mwezi wa nane tukamzika. Ule mkongojo niliupasua kwa shoka nikapikia maharage. Sitaki fimbo humu ndani. Sitaki!


Jumatatu, 5 Mei

Nimempigia Eliana asubuhi, hata chai sijanywa.

Anasema si ya wazee. Ni ya matembezi. Eti watalii vijana kabisa, mabinti wa miaka ishirini, wanatembea nazo mbilimbili. Za kupandia milima, za safari, hata za kunyoosha miguu jioni tu. Nikamuuliza, mimi ni mtalii? Nitalii nini hapa — alizeti? Akasema ni kwa ajili ya goti lako, mama. Nikamuuliza goti langu huyo mtu kalijuaje. Akasema, mimi nilimwambia.

Yesu na Maria! Goti langu linajadiliwa mezani kwa mkwe! Wanakula wali wanaongelea goti la mama!

Nikasema basi angeandika hata mstari mmoja. Eliana akasema, aandike nini mama, akuulize habari za mwili wako? Na kweli hawezi. Mkwe haulizi mwili wa mama mkwe, hata akiona anachechemea. Lakini kama huwezi kuuliza unanyamaza. Hutumi fimbo! Nimekata simu.

Nimeitia stoo nyuma ya magunia ya mtama. Itarudi ilikotoka.


Alhamisi, 8 Mei

Goti limeamka vibaya. Na shamba halina huruma — alizeti imeshainamisha vichwa, ndege wanakula tu. Shamba langu liko ng'ambo ya korongo. Kupanda si kazi. Kazi ni kushuka. Kila nikishuka goti linalia kama bawaba ya mlango, siku nyingine nashuka kwa makalio kama mtoto, nikishaangalia kwanza kama hakuna mtu.

Nimeichukua fimbo. Haya, nimeandika.

Nilijiambia ni ya kufukuzia mbuzi. Nimetoka kumekucha tu, watu hawajajaa njiani. Nikafika ukingoni, nikaitanguliza chini, nikaweka uzito. Goti — kimya! Hatua ya pili, kimya. Nimeshuka korongo zima nimesimama wima. Ng'ambo nikapanda. Shambani nimeitumia kuvutia vichwa vya alizeti, nimetundikia kanga, nimefukuzia kware. Nilipomaliza sikurudi nyumbani. Nimepanda mpaka kwenye yale mawe makubwa juu ya shamba, ambako sijafika tangu Bonaventura aondoke. Tulikuwa tunakaa pale baada ya palizi. Nimekaa peke yangu, fimbo pembeni, upepo unapuliza, nyanda zote zinaonekana chini hadi zinageuka bluu. Sikumbuki lini nimetembea kwa kupenda tu, bila kufuata kitu.

Ni nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ingekuwa mbovu ningeirudisha kwa raha!

Wakati wa kurudi nimeiviringisha kwenye kanga kama mwizi.


Ijumaa, 9 Mei

Tena leo. Mpaka kwenye mawe na kurudi. Goti halikusema kitu.

Nimeipaka matope ili ifanane na mti. Mwalimu mzima. Sifuri!


Jumapili, 11 Mei

Sina hamu ya kuandika lakini nisipoandika nitapasuka.

Nilikwenda nayo kanisani. Nilipanga kuificha kwenye uzio wa minyaa, niingie mikono mitupu. Lakini nilichelewa, kwaya ya akina mama imeshajipanga nje na sare zao, nikaona potelea mbali. Nikashika ngazi. Ngazi ya kwanza, ya pili — ile ya tatu fimbo ikajimeza! Ikaingia ndani yake yote, na mimi nyuma yake. Magoti yote mawili kwenye simenti. Kitabu cha nyimbo kule, kiatu kule.

Kosa ni langu. Jana nilivifungua vile vibanio vinavyokaza vipande ili nione kinachotokea, nikavirudishia kizembe. Lakini kosa la kwanza ni la nani? La aliyetuma!

Wifi Rahabu alikuwa mstari wa mbele. Hakuja kuninyanyua kwanza. Alisema kwanza.

"Hata fimbo imemchoka."

Wakacheka wote. Kwaya nzima. Hata katekista, nimemwona, kageukia ukutani mabega yanacheza. Nimesali kwa hasira leo, sijui kama sala ya namna hiyo inafika.


Jumatatu, 12 Mei

Nimeipeleka kwa Damiani, yule fundi baiskeli wa pale sokoni. Nilimfundisha darasa la tatu. Akanipa shikamoo, akaigeuzageuza, akasema mwalimu hii ni mbovu toka kiwandani, fimbo gani inaingia ndani. Akasema ataitoboa apige riveti mbili, haitaingia tena hata ikanyagwe na trekta. Nilikuwa najifuta jasho. Kugeuka — ameshaibana kwenye jiriwa na drili iko mkononi!

Nikamnyang'anya. Nikamwambia kitu cha kurudishwa hakitobolewi. Ndiyo sababu niliyompa. Kwa nini moyo ulinidunda vile, hapo sijui.

Basi akafuta yale matope yangu kwa tambara la grisi ili aangalie vizuri. Zikatokea namba. Mia moja na tano, mia moja na kumi, mia na kumi na tano, kama rula. Na kwenye mia moja na kumi, vipande vyote viwili vya chini, mtu ameweka alama ya kalamu nyekundu. Ndogo, imenyooka. Damiani akasema, mwalimu, hapa mtu alipima. Akaivuta mpaka kwenye alama, akabana, akaniambia simama, shika. Nikashika. Kiwiko changu kikakaa pembe mraba. Kabisa! Nimefundisha hesabu miaka thelathini na nne, najua kukisia na najua kupima. Hiyo haikukisiwa.

Sasa niambie. Mtu ambaye miaka saba akiniona anageukia vichaka, urefu wa kiwiko changu kautoa wapi?

Ameniangalia! Huko kugeuka kote ni maonyesho tu. Uso upande, jicho linapima. Kanipima kama fundi anavyopima kabati! Kwenye msiba wa ukoo mwezi wa tatu nilipokuwa natandika jamvi na mgongo wangu wa kizee, yeye alikuwa anahesabu sentimita!

Kesho kutwa naenda kwa mshenga.


Jumatano, 14 Mei

Mshenga ni Mzee Alute. Ndiye aliyewaunganisha Eliana na mumewe, na anakaa ng'ambo, ukishavuka korongo unakata kushoto, mwendo wa dakika arobaini hivi. Nimekwenda na fimbo. Karibu na boma lake nikaificha kwenye kichaka, nikaingia ninachechemea kwa heshima.

Nikamsalimu, nikakaa, nikamweleza yote. Fimbo, ngazi za kanisa, alama nyekundu. Alinisikiliza anasokota ugoro kidoleni, hakuunusa mpaka nikamaliza. Akaniuliza nataka nini. Nikasema nataka irudi, kupitia kwake, mbele ya wazee, ili mkwe ajue amenivunjia heshima.

Akasema mwalimu unajua unalolisema. Kitu cha mkwe kikirudi kwa mkono wa mshenga, binti naye anarudi kwao mpaka wazee wakae. Na wazee wa Itigi hawakai kesho. Mwezi ujao yule kijana anapanda mlimani kazini, hashuki mpaka msimu uishe. Eliana atakaa kwako miezi yote hiyo, na watoto wanasoma Singida. Fikiri.

Nikasema nimefikiri.

Akasema umefikiri ukiwa na hasira. Nikamjibu hasira ni mali yangu, sijaazima kwa mtu. Mzee wa watu, hajazoea kujibiwa hivyo na mimi. Akasema haya, Jumamosi saa tisa, hapa kwake, ataita wazee wawili na huyo kijana. Halafu nikiwa nimeshasimama kuaga, akaniuliza kama nimeitumia.

Nikasema hapana.

Nimemdanganya mzee wa miaka sabini na nane machoni mwake. Halafu nikatoka, nikaenda kichakani, nikachukua fimbo, nikatembea nayo mpaka nyumbani. Nani ananifanya nifanye mambo haya? Calist!

Jioni Eliana amepiga. Ameshapata habari. Hakulia, na ni afadhali angelia. Alisema tu nakuja Ijumaa, mama.


Ijumaa, 16 Mei

Eliana amefika na basi la saa sita. Nimechinja kuku, nimepika mlenda anaoupenda, na ugali wa mtama. Hajagusa. Akasema mama, leta hiyo fimbo.

Nikaileta. Akaivuta mpaka kwenye alama nyekundu. Akaniambia simama hapa, bega kwa bega. Tukasimama uani kama wanafunzi wa paredi. Akanipa nikashika — kiwiko pembe mraba. Akaichukua akashika yeye. Kiwiko pembe mraba.

"Alinipima mimi, mama."

Akasema Calist alimsimamisha uani kwao, Jumapili, na malapa ya chini kabisa. Akamwambia wewe na mama yako mnavaliana magauni, hayapungui wala hayazidi. Akavuta, akabana, akatia alama, akafungua, akavuta upya ili ahakikishe. Watoto wakamcheka. Eliana akamuuliza kwa nini asingoje siku akimwona mama. Akamjibu, mama haangaliwi.

Nimekaa kwenye kigoda. Kuku amepoa.

Basi si aniambie mapema! Nikamgombeza Eliana, kwa nini hukusema ile Jumatatu? Akasema ulikata simu, mama. Nikasema ungepiga tena! Akasema nilipiga mara nne. Ni kweli. Niliona jina lake, nikaigeuza simu kifudifudi mezani.

Simu nimeishika mara tatu nimpigie Mzee Alute. Ningesema nini? Samahani mzee, mkwe wangu hana kosa, nimekosa kupima mimi mwalimu wa hesabu? Wazee wameshaitwa. Mbuzi ameshatengwa. Wifi Rahabu ameshatangaza Nduguti yote, mpaka yule mama wa mgahawa wa pale halmashauri kaniuliza leo asubuhi kama Jumamosi bado ipo. Nikighairi watasema Scholastika amechanganyikiwa, kumbe fimbo ilihitajika kweli. Neno limeshatoka. Nalirudishaje?

Na hasira haijaondoka! Hilo silielewi. Kosa limeondoka, hasira imebaki, imekaa tu kifuani inatafuta mtu. Labda inamtaka Bonaventura. Kwa nini aliukubali ule mkongojo kirahisi vile? Akaupokea kwa mikono miwili, akasema asante kaka, akaenda kukaa kibarazani nao. Hakuinuka tena kwenda kokote. Nilimwambia inuka tutembee mpaka kwenye mawe. Akasema kesho. Nilitaka akasirike. Angalau mmoja wetu akasirike!

Saa kumi Eliana ameondoka kwenda kulala kwa Mzee Alute, amsaidie mama wa kule kupika kesho. Nimemsindikiza mpaka kwenye mhogo wa jirani. Begi lake ni kubwa. La mtu wa siku moja haliwi vile. Aliona naliangalia, akalihamishia bega la pili.

Nimeiosha fimbo kwa sabuni. Mikwaruzo haitoki. Nimeifunga kwenye gazeti lilelile, selotepu mpya. Kesho inaenda begani kama mzigo, haigusi ardhi tena.


Jumamosi, 17 Mei

Naandika nimekaa mchangani chini ya korongo, daftari juu ya goti. Lile bovu. Lingine silitikisi kwa sababu kifundo cha mguu huo kimevimba kama kiazi. Daftari nililitia kwenye mkoba ili niwasomee wazee nilichoandika tarehe kumi na mbili. Nilikuwa nimejiandaa! Kalamu ipo. Mdomo siwezi kuutumia, nitaeleza kwa nini.

Nimetoka saa saba ili nimtangulie mkwe. Fimbo begani, imefungwa gazeti. Nimefika ukingoni. Mvua za mwisho zimekula njia, ukingo wa huku umebomoka, umebaki ukuta hadi kifuani na mawe chini. Siku zote hizi nimeshuka hapa hapa na fimbo nikapita kama maji. Leo nikasema hapana, ni mali ya watu, haifunguliwi. Nikashuka bila kitu. Nikateleza. Mguu ukaingia kati ya mawe mawili, mwili ukaenda upande mwingine. Nimesikia sauti kwenye kifundo nikadhani ni kijiti.

Nimepiga kelele. Nani asikie? Jumamosi ya mnada, watu wote wako Nduguti na mbuzi zao. Simu haina mtandao huku chini.

Nimekaa kama nusu saa namtukana kila mtu. Fimbo nimeitukana kwanza.

Halafu nikasikia viatu juu. Viatu vya mtu anayejua kutembea, havikimbii, havikokoti. Nikainua macho — Calist! Na yeye anakwenda kwa Mzee Alute, bodaboda imemwacha barabarani. Ameniona. Kwa sekunde moja ameniona kabisa, hakuwa na la kufanya, nimelala katikati ya njia yake. Halafu akageuka. Akakaa juu ya ukingo, mgongo kwangu. Shati jeupe limepigwa pasi. La kuja kuhukumiwa nalo.

Hatuna mtu wa tatu. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mkwe haongei na mama mkwe uso kwa uso jambo la mwili, lazima awepo wa kupokezana maneno. Basi akaanza kuongea na mgunga. Mti! Ule mgunga ulioota pale ukingoni. Akauambia, mwulize mama kama ameumia. Nikauambia mchanga, mwambie mguu umeteguka. Akauambia mgunga, mwambie mama nitatafuta mtandao. Akapanda juu, akarudi baada ya muda, akasema simu ya Eliana haipatikani. Akasema akienda kuita akina mama wa kumshika mama na kurudi nao, jua litakuwa limekwenda, na mama hawezi kuachwa peke yake.

Tukakaa. Mimi chini, yeye juu, mgongo kwangu. Ndipo nilipotoa daftari. Nimeandika yote ya juu huku tumekaa hivi. Kivuli cha ukingo kimefika kwenye miguu yangu.

Sasa amesimama.

Ameshuka pale pembeni kinyumenyume, ameokota ule mzigo wa gazeti ulioniruka nilipoanguka, amepanda nao. Anaufungua. Namwona viwiko tu. Anajua ni nini, na anajua ulikuwa unakwenda wapi. Gazeti analikunja vizuri, anatia mfukoni. Anaipitisha fimbo mkononi polepole, juu mpaka chini. Anasimama kwenye ncha. Mikwaruzo yote ile. Uso wangu unawaka moto, na bado nasema ni yeye aliyeanza.

Ameuambia mgunga:

"Mwambie mama mpira wa chini umetoboka. Nyumbani kuna mwingine."

Hakuna kingine. Hakucheka. Nimesikiliza kama atacheka, ili nipate pa kushika. Hakucheka.

Nimeandika tu.

Sasa anaivuta. Inapita ile alama nyekundu, inaendelea, sikujua kama inafika urefu huo. Anabana vibanio — ka, ka. Anavijaribu kwa uzito wake. Amepiga magoti ukingoni, bado kanipa mgongo, mkono mmoja ameuzungushia kwenye shina la mgunga. Na mkono wa pili ameuleta nyuma, fimbo inateremka huku kwangu, upande wa mshikio ukiwa chini, upande wangu. Ile ncha iliyotoboka ameishika yeye.

"Sivuti," anauambia mti. "Mwambie apande mwenyewe. Mimi nitakaza tu."

Mkono kwa mkono hatuwezi. Kitu kinawekwa chini, kinaokotwa, ndivyo tulivyolelewa wote wawili. Fimbo moja iliyoshikwa na watu wawili — hiyo sijawahi kuambiwa na mtu kama inaruhusiwa au hairuhusiwi. Najaribu kukumbuka kama bibi aliwahi kusema. Ila hili moja nalijua bila kuuliza: nikiishika mbele yake, haiendi tena kwa mshenga. Kule wazee watakuwa wameshaosha mikono. Eliana ana begi kubwa. Wifi Rahabu atacheka mpaka Krismasi.

Na mimi nilishasema sitaki fimbo. Nimeiandika hapo mbele, na alama ya mshangao.

Mkono wake hautetemeki. Amebeba mizigo ya watu miaka kumi, anaweza kukaa hivyo mpaka kesho. Ameangalia kule, kwenye vichaka, kama siku zote.

Fimbo iko hapa, juu ya daftari, kitanzi kinaninginia kinagusa karatasi. Mkono wa kushoto nimeshikia jiwe nisiteleze. Wa kulia una kalamu